Mu'id: mwanafunzi anayewafundisha wenzake

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia kijana anayesoma katika chuo kimoja cha ualimu huku Kasulu. Kwao ni Kibondo. Alinieleza kwamba chuoni kwao wakufunzi wameweka utaratibu: mwanachuo aliyefanya vizuri katika somo fulani hupangiwa kukaa katika chumba cha kujisomea nyakati za jioni, na wenzake waliokwama humwendea ili awaelekeze. Yeye amechaguliwa kwa somo la hisabati.

"Sheikh," akaniambia, "mimi mwenyewe bado nasoma. Nitakaaje mbele ya wenzangu nikajifanya mwalimu? Naogopa riyaa, na naogopa kuwapoteza watu. Je, nikatae?"

Nilimwambia, "Usikatae, mwanangu, lakini usianze kabla hujajua umepewa kazi gani." Kazi aliyopewa si ngeni katika Uislamu. Ina jina, ina watu walioifanya kabla yake, na ina mipaka iliyowekwa na wanavyuoni. Nimeona niyaandike hapa niliyomweleza, kwa kuwa maimamu na walimu wengi wa madrasa huwatumia wanafunzi wakubwa kuwasomesha wadogo bila ya kuwaeleza wao ni nani na wanatakiwa wafanye nini.

JIRANI YA UMAR (R.A.)

Imam Bukhari katika Sahihi yake, kwenye Kitabu cha Elimu, ameweka mlango mzima juu ya kupokezana zamu katika kutafuta elimu. Humo amepokea kisa cha Umar bin Khattab (r.a.). Umar alikuwa akiishi na jirani yake Answari upande wa juu wa Madina, mbali kidogo na Msikiti wa Mtume (S.A.W.). Kila mmoja alikuwa na shughuli za kutafuta riziki. Wakakubaliana washuke kwa zamu: siku moja anashuka Umar, siku ya pili anashuka jirani. Anayeshuka hurudi jioni na habari za wahyi na mambo mengine ya siku ile, akamsomesha mwenzake aliyebaki.

Tazama namna walivyokuwa. Hakuna kati yao aliyekuwa mwalimu wa mwenzake kwa cheo. Leo huyu anafundisha na yule anasikiliza, kesho mambo yanageuka. Na katika mapokezi hayo jirani huyo hakutajwa jina, juu ya kuwa kwa muda fulani nusu ya elimu ya siku za Umar ilipita mikononi mwake.

Kisa hicho hakikuishia hapo. Usiku mmoja jirani yule alirudi akagonga mlango kwa nguvu, akampa Umar habari nzito kwamba Mtume (S.A.W.) amewapa talaka wakeze. Umar alishtuka, lakini hakuishia kwenye habari ya jirani. Alikwenda kwa binti yake Hafsa (r.a.), kisha akaingia kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe na kumuuliza. Akajibiwa kuwa si hivyo, naye akatoa takbira.

Katika kisa hiki kimoja yamo mambo mawili ambayo kila mwanafunzi anayewasaidia wenzake ayashike. La kwanza ni kwamba inafaa kupokea elimu kwa mwenzako aliye sawa nawe. La pili ni kwamba mwenzako anaweza kukosea hali ya kuwa ni mkweli na ana nia njema, na dawa yake ni kurudi kwenye chanzo. Umar hakumkataa jirani yake kabla ya kosa, wala hakumfanya kuwa hoja peke yake wakati wa jambo zito.

MU'ID KATIKA MADRASA ZA MWANZO

Zilipokua halaka za elimu na wanafunzi wakawa wengi, mwalimu mmoja hakuweza kumfikia kila mtu. Hapo ndipo ilipojitokeza kazi ya mu'id, neno linalotokana na i'ada, yaani kurudia. Mudarris alisomesha. Alipomaliza, mu'id alikaa na wanafunzi akawarudishia somo lile lile, akalifafanua pale lilipowatatiza, akawasikiliza.

Miongoni mwa waliofanya kazi hii ni Imam Abu Ishaq al-Shirazi, mwandishi wa al-Muhadhdhab na al-Tanbih, vitabu vikubwa vya madhehebu yetu ya Kishafi. Alikuwa mwanafunzi wa Kadhi Abu al-Tayyib al-Tabari huko Baghdad, na mwalimu wake akamweka kuwa mu'id katika halaka yake. Mwaka 459 Hijria (1067 Miladia) waziri Nizam al-Mulk alipofungua Madrasa ya Nizamiyya mjini humo, aliyetakiwa awe mudarris wake ni al-Shirazi huyo huyo.

Wa pili ni Imam Nawawi, ambaye hapana msikiti wa Afrika Mashariki usiosoma kitabu chake. Alizaliwa mwaka 631 Hijria (1233 Miladia) katika kijiji cha Nawa, akaingia Damascus mwaka 649, kijana wa miaka 18 au 19 hivi. Sheikh wake wa mwanzo katika fikihi, Kamal Ishaq al-Maghribi, alipoona bidii yake, alimfanya awe mu'id wa wanafunzi wengi wa halaka yake. Sheikh huyo alifariki mwaka 650, kwa hiyo Nawawi alipoanza kuwarudishia wenzake masomo hakuwa amekaa mjini hata miaka miwili. Alikuwa bado anasoma masomo mengi kwa siku moja. Ukubwa wake tunaoujua leo ulikuwa haujaonekana.

Basi kijana anayesema, "Mimi bado nasoma, nitafundishaje?" ajue kwamba hata Nawawi alipowekwa kuwa mu'id alikuwa bado anasoma. Mu'id ni mwanafunzi aliyetangulia hatua moja, anayerudi nyuma kumshika mkono mwenzake.

Taj al-Din al-Subki, aliyefariki mwaka 771 Hijria (1370 Miladia), aliitaja kazi hii katika kitabu chake Mu'id al-Ni'am, ambamo alieleza wajibu wa wenye kazi mbalimbali katika jamii, kuanzia sultani hadi mafundi. Kwa maelezo yake, mu'id ana deni la ziada juu ya kusikiliza somo: awafahamishe baadhi ya wanafunzi na awanufaishe. Asipofanya hivyo, hana tofauti na wanafunzi wengine, na hakuna sababu ya yeye kuitwa kwa jina hilo. Kabla yake Kadhi Badr al-Din Ibn Jama'a, aliyefariki mwaka 733 Hijria (1333 Miladia), alikuwa amewahimiza wanafunzi wafanye mudhakara ya somo wao kwa wao mara tu baada ya darsa, kabla akili hazijatawanyika.

Wazungu nao waliifikia njia hii, lakini baadaye sana. Mskochi Andrew Bell, alipokuwa msimamizi wa shule ya mayatima huko Madras, India, kuanzia mwaka 1789, aliwatumia wavulana wakubwa kuwafundisha wadogo, na mwaka 1797 akachapisha London habari za jaribio lake. Mwaka uliofuata Joseph Lancaster akafungua shule yake London, na njia hiyo ikaenea nchi nyingi kwa sababu ilikuwa rahisi kwa gharama. Lakini huko mwanafunzi mkubwa aligeuzwa mara nyingi kuwa msimamizi wa kukaririsha mamia ya watoto kwa amri. Wanavyuoni wetu walimweka mu'id kwa ajili ya kufahamisha. Tofauti hii tuikumbuke, maana nasi tumeisahau katika madrasa zetu nyingi.

ELIMU ILIVYOPANDA MILIMA YA BUHA

Katika pwani yetu jambo hili lilijulikana vyema. Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu na Sayyid Ahmad bin Sumait, waliofariki wote wawili Zanzibar mwaka 1925, walikuwa takriban rika moja. Hata hivyo Bakathir hakuona haya kukaa kusoma kwa Ibn Sumait, na huku naye akiwasomesha wengine. Na miongoni mwa vitabu vya Ibn Sumait ni al-Ibtihaj, alichokiandika kufafanua istilahi za Minhaj ya Imam Nawawi. Elimu ya yule mu'id kijana wa Damascus ilifika Zanzibar kwa mkono wa wasomi waliosomeshana.

Huku kwetu milimani hali ilikuwa nyingine. Ujiji, ulioko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ulikuwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili tangu miaka ya 1840, na misikiti na vyuo vya Kurani vikawako. Lakini nchi ya juu ya Waha, ambayo leo ndiyo Kasulu, Kibondo na wilaya jirani, haikuwa wazi kwa misafara. Stanley alipopita Buha mwaka 1871 akielekea Ujiji alitozwa hongo kubwa mara baada ya mara, mwishowe akaamua kuondoka usiku kwa kujificha. Wenye mali waliikwepa njia hiyo, na wenye vitabu hufuata njia za wenye mali. Kwa hiyo elimu ya dini ilibaki ufukweni muda mrefu.

Wakati wa Waingereza Buha ilifanywa kuwa nchi ya kutoa vibarua. Waha wengi walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Wazee wetu husimulia kwamba baadhi yao walirudi wakiwa wamesilimu, wameshika Fatiha na sura chache fupi. Hawakuwa masheikh. Lakini kijijini kama hapakuwa na mwingine, aliyejua sura tano alimfundisha asiyejua hata moja, na kwa namna hiyo sala ya jamaa ikasimama mahali ambapo hapajafika mwalimu wa kuhitimu.

Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma na kuandika kwa njia inayofanana na hiyo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 serikali iliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha huku wakiendelea kupewa mafunzo. Watu waliwacheka wakawaita "walimu wa UPE". Mimi sikuwacheka, kwa sababu aliyenishika mkono nikaandika alifu ya Kizungu alikuwa mmoja wao.

Na katika miaka ya karibuni tumeyaona kwa ndugu zetu wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu huku Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita Kongo, na Kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya mwaka 2015 walipokimbia Warundi. Watoto wakawa wengi kuliko vyumba, wengine wakasoma chini ya miti, na walimu wao wengi walitoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Watu wanaponyang'anywa kila kitu, mwenye elimu kidogo hupata thamani kubwa.

KOSA LANGU

Ndugu msomaji, sitaki uone kuwa naisifu kazi hii kana kwamba haina hatari. Nilipokuwa na miaka 17 nilikuwa nasoma katika madrasa moja ya mkoa wetu. Mwalimu wetu alikuwa mgonjwa mara kwa mara, akaniamuru niwarudishie wenzangu somo la Ajurrumiyya. Nilifurahi kupita kiasi. Kila jioni nilikaa mahali pake nikasema kuanzia mwanzo mpaka mwisho: mubtada ni hiki, khabari ni hii, huyu ni marfu' kwa sababu kadha. Nilikuwa nasikiliza sauti yangu.

Palikuwa na mwenzetu mmoja kutoka kijiji cha juu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kizito. Kila nilipouliza, "Mmefahamu?" yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia kwa kichwa. Nikamhesabu miongoni mwa walioelewa. Na alipopewa kazi ya kuandika nilimwandikia mimi, nikidhani namsaidia. Siku mwalimu alipopona alimsimamisha afanye i'rabu ya sentensi ya maneno mawili. Hakuweza. Akarudia kuulizwa, akanyamaza, na wenzetu wakacheka. Mimi nilicheka pamoja nao.

Wiki ile ile alifunga mzigo wake akaondoka, na hakurudi tena. Miaka mingi baadaye nilikutana naye katika soko la Kasulu akiuza maharage. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari za watoto. Nilimwomba radhi kwa siku ile. Akaniambia, "Sheikh, mimi nilikuwa sijui hata maana ya neno sentensi. Ungeniambia kwa Kiha ningeelewa." Na mimi Kiha ni lugha ya mama yangu.

Neno lake hilo halijaniondoka. Faida kubwa ya mu'id juu ya mudarris ni kuwa karibu: anajua lugha ya mwenzake, na anakumbuka mahali palipomkwaza yeye mwenyewe mwezi uliopita. Mimi niliiacha faida hiyo nikaigiza heshima ya mwalimu ambayo sikuwa nayo.

VIPI AANZE

Kutokana na hayo, nilimpa kijana wa Kibondo nasaha zifuatazo.

Kwanza, aanze kwa idhini. Al-Shirazi na Nawawi hawakujiweka wenyewe, waliwekwa na masheikh wao. Anayeruhusiwa na mwalimu ana mahali pa kurudisha maswali yaliyomshinda. Aende kwa mkufunzi wake kabla ya jioni ya kwanza, amuulize ni mada zipi awasaidie wenzake na zipi aziache.

Pili, asitangulie kusema. Mwenzake akija, amwambie, "Nionyeshe ulipofika," kisha anyamaze. Aache afanye hesabu mbele yake mpaka aone anapokwama. Wala asiridhike na jibu la "nimeelewa", bali amtake arudie kwa maneno yake mwenyewe. Na kama Kiha au Kirundi ndicho kitakachomfikisha, atumie hicho, kwa kuwa lugha hizo mbili zinakaribiana mno na haja yetu ni kufahamu.

Tatu, asimfanyie kazi yake. Kumwandikia mwenzako kazi atakayoitia jina lake ni ghushi, na Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi, kama ilivyo katika Sahih Muslim. Huyo unamdhulumu mara mbili: unamnyima elimu, na unamwacha aaibike siku ya mtihani. Na kwa mwalimu mtarajiwa dhulma hiyo inaendelea, maana kesho atasimama mbele ya watoto wa watu.

Nne, azoee kusema "sijui". Wanavyuoni wetu wakubwa hawakuona haya kulisema neno hilo. Jirani ya Umar alikosea kwa haraka. Swali likimshinda, aliandike, alipeleke kwa mkufunzi, arudi na jibu.

Tano, aifiche aibu ya mwenzake. Anayekuja kukuambia hajui kugawanya sehemu amekupa amana. Ukiisimulia bwenini, hiyo ni ghiba na ni khiyana.

Sita, kwa kuwa chuo kina wanaume na wanawake, akae mahali pa wazi panapopita watu, milango ikiwa wazi, na ajiepushe na khalwa. Haya hayamzuii dada kupata elimu, bali yanawalinda wote wawili.

Ama khofu yake ya riyaa, nilimwambia kuwa kuacha amali njema kwa kuogopa watu nako ni kuwatazama watu. Afanye, kisha aitengeneze nia yake kila jioni kabla ya kukaa.

MAS-ALA YA UJIRA

Aliniuliza pia: chuo kikimpa posho, au mwenzake akimletea zawadi, aipokee?

Hapa pana hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.), waliyoipokea Abu Dawud na Ibn Majah. Ubada aliwafundisha baadhi ya watu wa Suffa kuandika na Kurani, mmoja wao akampa upinde. Alipomuuliza Mtume (S.A.W.) akapewa onyo kali juu ya kuupokea. Kwa upande wa pili, katika Sahih Bukhari kuna hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) juu ya sahaba waliomsomea mgonjwa Fatiha kwa malipo, na Mtume (S.A.W.) akayakubali malipo hayo na kukitaja Kitabu cha Allah kuwa kinastahiki zaidi kuchukuliwa ujira.

Kwa hiyo wanavyuoni wakakhitalifiana. Imam Abu Hanifa alikataza ujira wa kufundisha Kurani, kisha Mahanafi waliokuja baadaye wakauruhusu kwa kuhofia Kurani isipotee kwa kukosa walimu. Imam Malik na Imam Shafi wameujuzisha. Ama hadithi ya Ubada, wako waliozungumza juu ya isnadi yake, na wako waliosema kuwa yeye alikuwa amefundisha kwa ajili ya Allah tangu mwanzo, kwa hiyo hakutakiwa aibadilishe amali yake iwe ya malipo.

Khitilafu hiyo iko katika Kurani. Hisabati na mfano wake ujira wake ni halali. Tena katika madrasa za zamani mu'id alikuwa na fungu lake katika wakfu. Basi posho ya chuo, iliyowekwa wazi tangu mwanzo, aipokee. Lakini kwa mwenzake aliyemwambia, "Njoo bure, tusaidiane," asigeuke kesho akataka kitu, wala asimpendelee mwenye zawadi akamwacha maskini anasubiri mlangoni. Huo ndio upinde wa Ubada.

HITIMISHO

Kijana aliniaga usiku ule akaenda. Baada ya wiki alirudi, uso wake umenyong'onyea. "Sheikh," akasema, "nimekaa jioni nne. Amekuja mmoja tu."

Nikamuuliza, "Huyo mmoja alifahamu?"

Akasema, "Jioni ya tatu alinieleza yeye hesabu ile, tena kwa njia ambayo mimi sikuijua."

Nikamwambia, "Basi umeshaanza. Yule Answari wa Madina naye alikuwa na mwenzake mmoja tu, na mwenzake huyo alikuwa Umar."

Nawausia maimamu na walimu wa madrasa za Kasulu, Kibondo na kwingineko: msiwape wanafunzi wenu wakubwa fimbo na kuwaachia darasa. Wapeni idhini, wawekeeni mipaka, na muwe tayari kupokea maswali yanayowashinda. Na mkimwona mwanafunzi anayeitikia kwa kichwa kila siku, kaeni karibu naye mumuulize taratibu, kwa lugha ya mama yake.

Tunamwomba Allah (S.W.) atunufaishe kwa tuliyofundishwa, atuzidishie elimu, na amsamehe kila aliyemvunja moyo mwenzake katika njia ya elimu, akiwemo mwandishi wa maneno haya. Amin.

Wallahu a'lam.